Kioo cha Kamera ya Kiema

Kamera ya Kiema ilikuwa na macho mawili, moja juu ya lingine, na haikuwekwa usoni kama hizi zilizokuja baadaye. Aliining'iniza kifuani, akafungua kifuniko cha juu, akainama kama mtu anayechungulia chungu aone kama maharagwe yameiva. Ndani kulikuwa na kioo kidogo, upande mmoja laini, upande wa pili umeparuzwa mpaka ukawa mweupe kama ukungu. Hapo ndipo sura yako ilitokea. Kiema alizungusha kile kirungu cha pembeni polepole mpaka sura ikatulia vizuri kwa kioo, halafu akasema, "Usipumue." Matiliku yote ilijua hiyo "usipumue" yake.

Basi, mwaka mmoja baada ya ule ukame mkubwa, akitoka kupiga picha za harusi huko Kwa Vonza, baiskeli ikamwangusha. Macho ya kamera yakapona. Lakini alipofungua kifuniko, kile kioo cha ndani kilimwagika mchangani vipande vipande.

Kioo kingine kilikuwa cha kuagizwa ng'ambo, akaambiwa angojee meli. Kiema hakuwa mtu wa kungojea meli. Alipanda lori mpaka Mtito Andei, kwa Thuo, fundi wa malori, akapewa kwa kifuniko cha chupa ile dawa nyeusi ya mchangamchanga wanayosagia valvu za injini. Fundi wa madirisha akamkatia kioo chembamba. Sasa Kiema akaketi uani, akaweka dawa na maji kidogo juu ya kioo kikubwa, akawa anasaga kile kidogo, anazungusha, anazungusha. Mke wake Kalunde alikuwa amepiga magoti hapo kando, anasaga mtama wake kwa jiwe. Waliopita njiani wakacheka: "Leo kwa Kiema ni uji wa kioo!"

Kioo kikapata ukungu mzuri upande mmoja. Sasa ukungu ukae juu au ukae chini? Kile cha zamani kilivyolala Kiema hakukumbuka, maana kilitoka kama unga.

"Hilo nalo ni swali?" Kalunde akasema. Akalipiga jiwe lake kofi. "Uso wa kazi unakaa juu. Umeona wapi mtu anasagia mgongo wa jiwe?"

Nani angebisha? Jiwe likishakuwa laini, mwanamke hulichukua akaligongagonga kwa jiwe gumu mpaka likwaruze tena, na huo upande wa kukwaruza ndio hutazama mbinguni. Kiema akaweka kioo, ukungu juu. Akainama, akazungusha kirungu, akamwona mke wake humo ndani mpaka unga ulio kwa nyusi.

"Mama Nthenya," akasema, "umetoka vizuri kuliko siku ya harusi."

Kalunde alijifanya hajasikia. Lakini alisikia.

Picha ya kwanza ya kioo kipya ilikuwa ya akina mama wa kanisa. Mpango wake tuliujua bila kuambiwa: walioolewa siku nyingi wanaketi kwa viti, mbele, mikono kwa magoti, wadogo na wasio na waume wanasimama nyuma, kwa ngazi za kanisa. Kalunde aliketi kiti cha katikati. Nyuma yake, pale ngazini, alisimama Ndila, mwalimu wa watoto wadogo pale nasari, yule mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. Alikuwa hajaolewa, na shingo yake ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa limeshuka, Kiema akafungua jicho la kamera mpaka mwisho ili lipate mwanga.

Picha ikaja. Wale wa viti walikuwa kama watu wanaotazamwa kupitia moshi. Kalunde alikuwa na kitambaa na mikono, lakini uso ulikuwa uji. Na Ndila? Woi. Ungeweza kuhesabu kope zake.

"Filamu ilikuwa mbaya," Kiema akasema.

"Mbaya kwa viti tu?" Kalunde akauliza. "Kwa ngazi ilikuwa nzuri?"

Akabadilisha filamu, akabadilisha dawa za kusafishia picha. Ikafika siku ya ubatizo wa Nthenya, binti yao. Nthenya na mama yake wakasimama kwa uwanja wa kanisa, nguo zimepigwa pasi mpaka zinang'aa. Ndila alikuwa mbali hata, pale mlangoni, ameshika kitabu cha nyimbo, hata hakujua anapigwa picha. Na picha ilipotoka, mama na mtoto walikuwa mawingu mawili, na katikati ya mawingu yule msichana na kitabu chake, mpaka vifungo vya blauzi.

Kalunde hakulia. Aliipeleka picha nje kwa jua, akaiangalia, akaigeuza kama atapata uso wake upande wa nyuma.

Kutoka hapo wivu ukaingia nyumba ile ukapewa kiti. Kiema akipiga mluzi, Kalunde alitaka kujua huo ni wimbo wa nani. Akivaa shati safi, aliulizwa kama nasari imefunguliwa. Na wanawake ni wanawake. Kisimani mmoja akasema, "Wengine mume anawatazama na macho, wengine anawatazama na kamera," na wote wakainama kwa mitungi yao kuficha meno.

Ndila akaja siku hiyo na mtungi wake. "Habari, Mama Nthenya?"

"Ongea na wanaokuona vizuri," Kalunde akamjibu, akaswaga punda wake, akaenda.

Tangu hapo Ndila akaacha kuanzisha nyimbo. Alikaa karibu na mlango wa kanisa, na ibada ikiisha alikuwa ameshatoka.

Nyumbani Kalunde akamkabili mume wake. Hakupiga kelele, alikuwa anapepeta mtama, na kila neno lilitoka na pepeto lake.

"Baba Nthenya. Unamtaka yule mwalimu?"

"Mimi? Ni kamera, Mama Nthenya. Mimi nakuona wewe. Ndani ya kioo nakuona kabisa!"

"Kamera haina moyo. Inafuata moyo wa anayeinama."

"Nikuapie na nini?"

"Usiape. Nipige picha. Peke yangu, hapa kwangu, na nyuma yangu kusiwe na mwanamke. Nikitoka, nitanyamaza. Nisipotoka, nitarudi kwa mama yangu na Nthenya, na wewe ubaki na ngazi za kanisa."

Hakuwa anatishia. Alikuwa ameshafua nguo za mtoto, zimekunjwa kwa kikapu, na Kiema alikuwa ameziona.

Kwa hivyo akampiga picha. Kalunde aliketi kwa kigoda mbele ya ghala, kwa kivuli, amejifunga leso mpya. Kiema alizungusha kirungu, akarudi, akazungusha tena, mpaka akaona hata kile kidonda kidogo cha mdomo wake. "Usipumue." Akaingia stoo yake iliyofunikwa mablanketi, akakaa humo na dawa zake. Alipotoka, picha ilikuwa bado inadondoka maji, na hakutaka kuitoa.

Kalunde akaichukua.

Alikuwa ukungu. Ukungu umefunga leso. Lakini nyuma yake, pale kwa ghala, alisimama punda wao, na punda alikuwa safi ajabu: nywele za masikio, kamba ya mtungi, mpaka inzi kwa jicho.

"Kwa hivyo sasa," Kalunde akasema polepole, "umehama kwa mwalimu, unataka punda?"

Kiema akakaza mdomo. Mabega yakaanza kumcheza. Kalunde naye alitaka kukasirika, akajaribu, kicheko kikamtoka kwa pua. Wakacheka mpaka Nthenya akatoka nje kuuliza nani amekufa.

Halafu Kalunde akaiinua picha tena: mbele ukungu, nyuma safi.

"Lete hilo sanduku lako la picha."

Akainama juu yake, mume akimwonyesha kirungu. Akamwona Kiema ndani ya kioo, safi kabisa. "Huu mwanga unaingia wapi?"

"Hapa kwa jicho la juu. Kuna kioo cha kujitazamia kimelala mshazari humo ndani. Mwanga unakigonga, unapanda juu, unakuja kwa hiki chetu."

"Unapanda."

"Eeh."

"Kwa hivyo unafika kutoka chini." Akanyoosha mgongo. "Na mimi nilikwambia uso wa kazi ukae juu! Kwa jiwe, mtama unaanguka kutoka juu. Hapa mtama unatoka chini, Baba Nthenya. Tumekuwa tukisagia mgongo."

Kiema akatoa kioo, akakigeuza, ukungu chini. Tofauti ilikuwa unene wa kioo chenyewe, kama ukucha. Lakini ukucha huo ndio ulimfanya alenge aliye mbele, na filamu ikashika aliye nyuma. Akampiga Kalunde picha tena pale pale kwa kigoda. Mara hii akatoka yeye, na punda akawa wingu.

Nguo za Nthenya zikatoka kwa kikapu.

Kumwendea Ndila ndiyo ilikuwa kazi. Kalunde alimkuta nasari anafagia. Alibeba muthokoi kwa bakuli, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, maana mikono mitupu ingemshinda.

"Ilikuwa kioo," akasema.

"Nilisikia. Nilisikia pia habari ya punda." Ndila hakuacha kufagia. "Mimi hata sikuwa najua kosa langu ni gani, Mama Nthenya. Nilidhani nimekosea wimbo."

"Hukukosea. Njoo Jumapili, picha inarudiwa."

"Nisimame nyuma yako tena?"

"Hapana!" Ilitoka haraka sana, na Ndila akainua macho. Kalunde akajikohoza. "Utaketi kando yangu. Kwa kiti."

Ndila akaweka ufagio chini, akapokea bakuli. "Kwa kiti, na sijaolewa? Wazee watasema nini?"

"Waseme. Nikuwe naona uko wapi."

Ndila akacheka, lakini kidogo.

Jumapili hiyo Ndila ndiye alianzisha nyimbo, na baadaye akaketi kwa kiti pale katikati, kando ya Kalunde, bega kwa bega. Kiema akainama, akazungusha, akasema "usipumue", na akina mama wote wakatoka wazi kama sarafu mpya. Ndila alikuwa anatazama mbele, ametulia. Kalunde naye alikuwa wazi, kila kope mahali pake. Ila macho yake hayakuwa kwa kamera. Yalikuwa yamekwenda pembeni yote mawili, yanamwangalia Ndila.

"Nirudie?" Kiema akauliza.

Kalunde aliishika picha kwa urefu wa mkono, kisha karibu.

"Wacha. Nimetoka," akasema. "Lakini wewe, ulipoinama, ulikuwa unaangalia kiti gani?"