Mita za Njia ya Sita

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla wateja hawajafika, kocha aliwapanga wanafunzi wake sita kwenye ukingo wa bwawa, akawaambia wachovye nyuso majini na kupuliza mapovu. Msafishaji wa bwawa, ambaye kila mtu alimwita Brashi, alipuliza kwa muda mrefu kuliko wote. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelisugua bwawa hilo, na kila lilipokaushwa aliteremka hadi chini kusugua kigae kimoja kimoja.

Sasa aliitaka kazi ya mwokoaji. Mwaka juzi alimvuta mtu aliyekuwa akizama kwa mpini wa brashi yake, na barua ya pongezi ikaandikiwa mwokoaji, ambaye siku hiyo alikuwa likizo. Jambo hilo lilimkaa rohoni, wala hakuficha. Mwokoaji huyo alikuwa anastaafu, na mtihani wa nafasi yake ulikuwa safari nane za mtindo huru, ukuta hadi ukuta, ndani ya dakika sita.

"Dada, unapiga deki," kocha alimwambia baada ya safari ya kwanza. "Mkono unaupeleka huku na huku kama umeshika tambara. Maji hayana doa. Yashike, uyavute nyuma, kiwiko kiwe juu."

"Na kichwa?"

"Umekiinua unatafuta uchafu. Tazama chini."

Akatazama chini, na ndipo alipoviona vigae. Mwisho wa bwawa aliujua vizuri: kigae chenye ufa, kisha ukuta. Lakini safari hii, baada ya kigae chenye ufa, vilifuata vigae vingine ambavyo hakuwahi kuvisugua, vyeupe, bila hata dalili ya ukungu kwenye maungio. Alipita juu yake, akagusa ukuta, akarudi.

"Kocha, njia yangu ina mita za ziada."

Kocha akamfunga kamba kiunoni na kumrudisha majini. Alipogusa ukuta, mita thelathini na moja za kamba zilikuwa zimetoka. Walipoilaza kamba hiyo ukingoni, ilipita mwisho wa bwawa ikafika hadi mlango wa bafu.

"Basi jifunze kuteleza," kocha alisema, akaikunja kamba. "Usipoteze mikono."

Mhasibu, mmoja wa wale wanafunzi sita, akaijaribu njia hiyo ya sita. Kwake ilikuwa mita ishirini na tano. Kibao ukutani kilisema wafanyakazi wa usafi waogelee njia ya sita tu, kwa hiyo Brashi hakuwa na pa kuhamia. Meneja alipoelezwa, alisikiliza mpaka mwisho.

"Zinaongezeka kwa wafanyakazi wa usafi peke yao?"

"Peke yao."

"Ah, basi haliwagusi wateja," akasema, akarudi ofisini roho imetulia.

Nyumbani Brashi alijilaza kifudifudi juu ya benchi la jikoni, akazungusha mikono na kugeuza kichwa ili avute pumzi kila baada ya mikono mitatu. Mama mkwe wake, aliyekuwa akimenya viazi, alivumilia siku mbili.

"Mwanangu, huyo unayepigana naye ameshakufa. Mwache apumzike."

"Bado, mama. Mkono wa kushoto ndio unaoniangusha."

Mama mkwe akaweka kisu chini, akakishika kile kiwiko, akakiinua. "Hivi?"

"Hapo hapo."

Tangu siku hiyo viazi vilichelewa kuiva.

Darasani kila mmoja alimrekebisha mwenzake. Dereva wa lori, aliyeogelea kama kuku aliyetumbukia kwenye ndoo, alimshika Brashi vifundo vya miguu mpaka magoti yakaacha kukunjana. Mhasibu alimhesabia mikono kwa sauti. Brashi alizidi kuwa mwepesi, na njia ya sita ikazidi kuwa ndefu. Siku ya mtihani kamba ilionyesha mita thelathini na nane.

Alimaliza kwa dakika saba na sekunde kumi. Dereva wa lori, aliyeingia njia ya pili kwa kujifurahisha tu, alimaliza kwa dakika tano na nusu.

"Huyu ameogelea mita mia tatu na nne," kocha alimwambia meneja.

Meneja aliigeuza fomu pande zote mbili. "Ina sehemu ya muda. Ya umbali haina. Ajaribu tena baada ya miezi mitatu."

Brashi alikwenda nyuma ya chumba cha pampu, akalia mpaka akatosheka. Kisha alinawa uso, akarudi kumuuliza kocha habari za mkono wa kushoto.

Miezi mitatu baadaye njia ilikuwa imefika mita arobaini na moja. Safari hii Brashi hakushindana na maji. Aliyashika, akayavuta, akateleza, na kwenye vile vigae vyeupe, ambako zamani mapafu yake yalikuwa yakiwaka moto, alivuta pumzi kama mtu anayetembea. Dakika tano na sekunde hamsini na sita. Meneja alisoma saa mara mbili, akaenda kumletea fulana nyekundu. Wenzake walimrusha juu, wakamtupa tena majini na fulana yake.

Kesho yake, kabla ya zamu, aliingia njia ya sita mwenyewe kwa hiari yake. Alivuta mikono kumi na minane akagonga ukuta kwa kichwa. Kwake sasa ilikuwa mita ishirini na tano. Alisimama pale akisugua kipaji cha uso, amekasirika kuliko siku aliyoanguka mtihani.

Kocha alikuwa na darasa jipya. Mwanamke anayefua taulo za bwawa aliteremka kwenye njia ya sita, akazamisha uso, akaanza. Brashi alipanda ngazi, akaketi kwenye kiti cha mwokoaji, akamtazama. Kutoka kule juu njia zote sita zilikuwa sawasawa, hakuna hata moja iliyozidi nyingine kwa kigae kimoja. Ikambidi ahesabu mikono. Ilipofika ishirini na minane mfua taulo alikuwa bado hajagusa ukuta, na kutoka pale juu alionekana kana kwamba anaogelea polepole.