Makunduchi ya Maji Baridi

Mwatima Vuai anasinzia mchana, amekaa kitini, kalamu mkononi, mbele ya masinia matatu ya majongoo bahari, ndani ya meli ya utafiti inayoyumba katika bahari ya kaskazini ambako jua la kiangazi halizami. Ni wiki ya tano tangu aondoke Unguja kuja kuwasoma viumbe hawa, na profesa wake, Sunniva, amemwachia swali moja: majongoo hawa, wa mwambani, wa topeni na wa kilindini, ni jamii moja iliyogeuzwa na makazi yake, au ni jamii mbalimbali? Mwatima anawatazama mpaka macho yanamwuma. Nitafumba kidogo tu, anajiambia, na anapofumba, sakafu ya meli inalegea chini ya miguu yake, inafunguka taratibu, naye anashuka pamoja na kiti chake ndani ya maji, na maji hayamloweshi, ila baridi inamwingia mpaka kwenye fizi.

Chini kuna barabara. Inapinda, inarudi ilikotoka, inapinda tena, na kila inaporudi imebadilika rangi. Pembeni amesimama mwanamke aliyejifunga kanga mbili, na mahali pa uso wake pana mikono kumi midogo kama matawi, inayofunguka na kujikunja, mmoja baada ya mwingine, na kila unaojikunja unaingia katikati kama kidole cha mtoto anayelamba asali. Kitendawili, anasema yule mwanamke. Tega, anajibu Mwatima, maana ndivyo alivyolelewa, mtu akikutegea humpiti kimya. Amelala kifudifudi mwaka mzima na hajaacha kula. Mwatima anafikiri, jibu analijua na halipati. Nimeshindwa, anasema. Basi nipe mji. Nakupa Paje, anasema Mwatima, na papo hapo wako Paje, lakini Paje hii ni ya mwamba mtupu, haina mchanga hata wa kujaza kiganja, na maji yanakimbia kati ya nyumba kwa nguvu ya kung'oa paa. Watu wake wamejibandika kwenye mawe kwa matumbo, wekundu, wana magamba migongoni, na kila mmoja ameinua mikono yake kumi kunasa kinachopita. Hamjambo, anasema Mwatima. Hatujambo, wanajibu, bila kugeuka. Mbona hamtembei? Mmoja wao, sauti yake ni ya bibi mzee, anasema, mjukuu wangu, hapa chakula kinapita mbio, na anayeachia jiwe naye hupita mbio, hatumwoni tena. Mwatima anahisi maji yakimvuta kanzu. Anamshika yule mwanamke mkono, na mkono ni baridi na hauna mfupa.

Wanarudi barabarani, na barabara sasa ni ya kijivu. Kitendawili. Tega. Anakula kitanda anacholalia. Hilo nalijua, anasema Mwatima, ni jongoo, kwetu anakula mchanga. Jongoo wa wapi? anauliza mwanamke, na Mwatima anashindwa, kwa kuwa hilo ndilo swali la Sunniva. Nipe mji. Nakupa Jambiani, na wako Jambiani, na Jambiani hii haina nyumba wala mtu, ni tope laini linaloenda mpaka macho yanapokoma, na juu ya tope vimetokeza vikia vyembamba, maelfu, vinavuta maji na kuyatoa, vinavuta na kutoa, kama mji mzima umezikwa ukiwa hai na umekubali. Tuko huku, zinasema sauti kutoka chini, vichwa vyetu viko chini, tunakula gizani, nje ni pa kupumulia tu. Hamtaki kutoka? Utoke uende wapi, zinasema, upepo wa maji haufiki huku, hakuna wa kutuletea chakula, tumelala ndani yake. Kisha moja inasema, wewe ni yule dada wa Pandu, na Mwatima anaanza kukimbia.

Anakimbia na barabara inakimbia naye, anampita mwanamke wa kanga, anamkuta tena mbele, anampita, anamkuta. Kitendawili. Sitaki, anasema Mwatima. Kitendawili. Tega. Ana miguu, hana mfupa, ukimwinua huna kitu. Nimeshindwa. Nipe mji. Nakupa Kizimkazi. Mwanamke anatikisa ile mikono yake kumi: huo si wa kwako, nipe wako. Nakupa Bwejuu. Nipe wako. Na wake ni mmoja tu, ule ambao hajautaja tangu apande ndege, ule alikozikwa mdogo wake wa kiume, Pandu. Nakupa Makunduchi, anasema, na sauti yake ni ndogo.

Makunduchi hii iko chini kuliko chini. Hakuna mkondo wa kung'oa wala tope la kuzama, kuna giza safi na baridi iliyotulia, na katika giza wanatembea watu ambao jicho linawapenya, laini kama nyama ya dafu changa, miguu yao ni minene na michache, wote wameelekeza nyuso wasizo nazo upande mmoja, wanakanyaga polepole, wanaokota vumbi linalodondoka toka juu. Wanapita mbele yake mmoja mmoja, na ndani ya kila mmoja anaona utumbo na chakula cha mwisho. Katika mmoja anaona muhogo wa nazi, ule alioupika mwenyewe asubuhi ile. Pandu, anaita. Naam, dada. Na Mwatima anahisi kamba mkononi, na mwisho wa kamba umefungwa kiunoni mwa Pandu, kama siku ile. Siku ile mshika kamba wa Pandu aliamka na homa, na Mwatima, aliyekuwa likizo, akasema nitashika mimi. Pandu akazama mita arobaini, mpira wa hewa mdomoni, kutafuta majongoo. Walikubaliana: nikivuta mara moja, nipe kamba, nikivuta mara mbili, nipandishe.

Nakupeleka nyumbani, anasema Mwatima, na anaanza kuvuta. Pandu anainuka kidogo, na anapoinuka ngozi yake inaanza kutawanyika, inakuwa utelezi, inakuwa maji. Kitendawili, anasema mwanamke wa kanga, kwa upole safari hii. Mwatima analia. Tega. Nilimvuta nimpate, nikampata nikamkosa. Ni mimi, anasema Mwatima. Hukuvuta mara mbili, Pandu. Nimewaambia watu wote mara mbili, nimemwambia mama mara mbili. Ulivuta mara moja tu, nikaogopa, nikakupandisha kwa nguvu zangu zote bila kukupumzisha njiani, ukafika juu unanitazama na damu inakutoka puani. Pandu anamsikiliza. Niliona majongoo wengi, dada, anasema, nilitaka kamba tu. Najua. Basi usinivute tena, huku nimeshakuwa wa huku. Mwatima anafungua vidole, kidole kimoja kimoja, na kila kimoja kinakataa kabla ya kukubali. Pandu anashuka, anajipanga na wenzake, na baada ya hatua tatu hamjui tena ni yupi. Wewe panda, anasema mwanamke, lakini pumzika kila mji. Anapumzika Jambiani mpaka vikia vyote vimevuta maji mara mia. Anapumzika Paje amekumbatia jiwe. Kisha anapanda.

Mwatima, Mwatima, anaita Sunniva, amemshika bega. Umelala. Mwatima anainua kichwa. Wa mwambani wako kwenye sinia lao, wagumu, wekundu. Wa topeni wapo. Sinia la tatu lina maji mazito tu na kipande cha ngozi. Wa kilindini wamekwisha, anasema Mwatima. Unajua hawavumilii kupandishwa, anasema Sunniva, ungewapiga picha mapema. Haya, ni jamii moja au siyo? Siyo, anasema Mwatima. Kila mmoja ameumbwa kwa maji yake. Anaomba ruhusa, anatoka, anakwenda kwenye chumba cha simu na anapiga nyumbani.

Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu, mbona sauti imekauka? Mama, Pandu hakuvuta mara mbili. Alivuta mara moja. Mimi ndiye niliyempandisha. Mwatima anasikia kuku wa kwao wakiparura uani. Kisha mama anasema, bila hasira, nishajua. Nani kakwambia, mama? Pandu mwenyewe. Lini? Kaja sasa hivi, kalowa chapachapa, kaniambia yote, yupo hapa anakunywa chai. Kikombe kinagonga kisahani. Mwanamume anakohoa. Mwatima anabana simu sikioni, anautazama ukuta wa chuma mbele yake, anaugusa aone kama ameamka, na ukuta ni baridi, lakini kila kitu kimekuwa baridi tangu alipofumba macho.

Mpe simu, mama, anasema, na anangoja.