Mguu wa Georgette

…lakini kidole cha ishara hakukiinua, Venant ana hakika hakukiinua, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa gari na wa kulia umeshika koleo, sasa injini inapanda kwa amri ya nani, inapanda mpaka bati za gereji zinatetemeka, halafu inashuka, inashuka kama inayotaka kuzima, halafu hiyo, inapanda tena, na huko ndani Georgette amekaa kwenye usukani, mguu wake juu ya mafuta, na pembeni yake amekaa Emery mwenye gari, mabega yao karibu yanagusana kwa sababu gari lenyewe ni la milango miwili tu, la chini, la kukaa kama umeketi ndani ya beseni, gari la kukimbia mashindano lililoletwa kuja kukwaruza tumbo kwenye mashimo ya barabara ya Kavimvira, na nani alimwambia Emery aketi humo, mteja mahali pake ni kwenye benchi, anakunywa chai, anangoja kuitwa, lakini huyu alifungua mlango na kuingia akisema jua kali, jua gani, na boneti iliyofunuliwa imeziba kila kitu, Venant haoni ila ule mwanya mwembamba chini yake, bega la kitenge, mkono wa shati jeupe la mtu wa forodha, halafu kicheko, kilikuwa kicheko kile, au ni mkanda wa injini… au ni mguu wake, ndiyo, labda hakuna ugonjwa wowote, labda mguu wa mke wake unacheza tu kwa sababu moyo wake uko kwenye mazungumzo, mtu akichekeshwa mguu unamponyoka, unabonyeza, unaachia, unabonyeza, na yeye mjinga ameinama hapa anatafuta ugonjwa ndani ya chuma. Hapana. Sonda ilisema. Mashine ya kupima ilisema ni sonda, ule msumari unaochomekwa kwenye bomba la moshi, kazi yake kunusa, inanusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari hewa ni nyingi, ongeza petroli, hewa imepungua, punguza, na Venant aliitoa akaweka nyingine iliyotoka Bujumbura, na gari likarudi, akaweka nyingine tena, mpya, bado kwenye karatasi yake, na gari likarudi, na kila linaporudi ni Emery huyo kwenye jiko la Georgette pembeni ya gereji, chai ya tangawizi, mandazi, anasifu mandazi, mtu mzima anasifu mandazi kama hajapata kuyaona, na anamwita Georgette, hivyo tu, wakati mtaa mzima unamwita Mama Délice, wakati Venant mwenyewe, tangu mtoto azaliwe, hajamwita kwa jina, ni jina ambalo aliliweka mahali, na sasa mtu mwingine amelikuta na kulitumia mchana kweupe… "Usimuambie," anasema Georgette. Injini ilikuwa imeshuka kidogo na neno limepita kwenye mwanya, usimuambie, halafu injini ikapanda ikayameza mengine, na Venant akasimama na koleo lake, usimwambie nani, kuna nani mwingine hapa wa kufichwa jambo, Délice yuko shule, majirani wako sokoni, ni yeye, yeye anayelala naye kitanda kimoja na kujua ni upande gani wa kichwa unamuuma mvua ikikaribia. Akachungulia. Bega la kitenge limegeuka kuelekea shati jeupe. Basi hivi ndivyo inavyokuwa, si usiku wala kwa barua, ni saa ya mchana, mbele ya pua yako, ndani ya gari unalolitengeneza kwa mikono yako, na wewe ndiye uliyemketisha humo, wewe mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi ya gereji hii tangu ifunguliwe, Venant anasikiliza nje na Georgette anakanyaga ndani, mkono ukitoka pembeni ya boneti na kidole kimoja ni kanyaga kidogo, viwili ni zaidi, ngumi ni achia, hawahitaji maneno, mafundi wengine wa barabara ya mpakani wanapiga kelele mpaka wanapasuka koo, yeye na mkewe wanafanya kazi kimya na wateja wanashangaa, na ilianzia kule Luvungi, pikipiki ilipomzimikia mbele ya meza ya nyanya na msichana wa nyanya akacheka, akasema minye nitakushikia kamba ya mafuta, weye uangalie, akaishika kwa vidole viwili, taratibu, akiangalia uso wa Venant badala ya injini, na injini ikawaka, nani asingeoa… na sasa vidole hivyo viko wapi, kwenye usukani au wapi, mwanya hauonyeshi. "Lakini ni bwana yako," sauti ya Emery hiyo, ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu wenye mizigo, "ni bwana yako, Georgette," na injini tena, juu, chini ya mbavu za Venant kitu kikapanda nayo, ni wivu, aliutambua, hakuuficha hata kwake mwenyewe, wivu mtupu wenye ladha ya chuma, na neno likawa tayari kabisa mdomoni, shuka, shuka humo na nenda moja kwa moja kituo cha magari, rudi Luvungi kwa mama yako, mandazi nitakaanga mwenyewe, neno limekaa kwenye ulimi, anangoja tu injini ishuke ili lisikike vizuri, lisikike mpaka barabarani, ishuke sasa, ishuke. Ikashuka. Ikashuka kuliko mara zote, ikabaki inahema tu, na kabla hajafungua mdomo, sauti ya Georgette ikamfikia nzima, kama amekaa begani mwake. "Muambie weye. Iko kitu inapiga filimbi hapa mu miguu yangu, tangu siku ya kwanza naisikia. Sema ni weye uliisikia. Minye nikisema anakasirika. Siku ya camion ile alinigombeza mbele ya batu." Halafu injini ikapanda, na neno la Luvungi likabaki ulimini halina pa kwenda. Filimbi. Miguuni. Lori lile… ndiyo, mwenye lori alikuwa amesimama hapohapo, Georgette akatoa kichwa dirishani akasema kuna kitu kinagonga upande wa kushoto, mwenye lori akacheka, ahaa, kumbe fundi ni mama, na Venant akasema, si kwa sauti kubwa, alidhani si kwa sauti kubwa, kazi yako ni kukanyaga, kanyaga, na tangu siku hiyo mama huyu amekanyaga, kidole kimoja, viwili, ngumi, ule ukimya ambao wateja wanausifu… Mkono ukaenda wenyewe. Miguuni pa dereva, ukutani upande huu, iko ile ngoma nyeusi inayosaidia breki, na kutoka kwenye ngoma kunatoka mpira mnene mpaka kwenye injini, na injini inavuta hewa kupitia hapo, ngoma ikiwa imepasuka ndani hewa inaingia kwa wizi, inalia upande wa miguu, hailii huku nje, fundi anaweza kuinama hapa mpaka nywele ziote mvi asisikie kitu, na sonda maskini inanusa hewa ya ziada na kusema hewa, hewa, hewa, inasema kweli kabisa, na yeye ameing'oa mara mbili kama mwongo. Akaubana mpira kwa koleo. Injini ikapanda nusu, ikasita, ikatulia. Ikanguruma kwa upole kiasi kwamba alisikia birika la chai likichemka. Ni hiyo. Angefurahi, siku nyingine angepiga boneti kofi, lakini roho ilikuwa bado inamuuma, na sasa iliuma mahali pengine, pabaya zaidi, maana hakuna aliyeshika mkono wa mtu humo ndani, alichokipata Emery ni kitu kingine, amesimuliwa kilichosikika, ameaminiwa, mteja wa mandazi, mtu wa juzi, ameketi pale panaposemwa mambo, na zawadi ya kuwa ndiye aliyesikia amepewa bure, ilhali mwenye nyumba anapewa mguu wa kukanyaga tu, na hata siku za nyumbani, akifikiri, ni lini mara ya mwisho mke wake alimwambia jambo ambalo hakuulizwa, alimwambia chumvi imekwisha, alimwambia Délice ana homa, na mengine yote alikuwa akimpelekea nani… na Venant anaweza sasa hivi kufunga boneti na kusema nimeupata ugonjwa, ni servo, ngoma ya breki, mimi nimeupata, na ingekuwa hivyo, na Emery angeondoka na gari lake asirudi tena, na ukimya ungebaki palepale. "Georgette," akaita, na jina likatoka na kutu, akalisikia mwenyewe. Bega la kitenge likashtuka. "Unasikia nini huko ndani?" Katika ule mwanya aliona kichwa chake kikigeuka kwanza kwa Emery, kumwangalia Emery, ndipo kikarudi mbele, na hilo likamchoma kuliko yote ya leo. "Hakuna," akasema Georgette, sauti ndogo, sauti ya kazini. "Sisikii kitu." Na inawezekana ni kweli, mpira umebanwa, filimbi imenyamaza, na inawezekana ni lile lori bado limesimama kati yao, na kutoka huku nje hakuna mashine ya kumpimia lipi ni lipi. Venant akafungua koleo ili filimbi irudi. Injini ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama mwanzo. Hakutoa mkono pembeni ya boneti, wala kidole wala ngumi, aliinama tu mpaka shavu likakaribia ule mwanya, akauliza tena, polepole, "Na sasa?" na akangoja.