Tulivyopasha Betri Moto Kwenda Kumbatiza Vitalia

Siku ya ubatizo wa mjukuu wangu, basi la kwenda Mbamba Bay halikuwepo. Lilichukuliwa na wakubwa. Sitaji mtu, maana siku hizi ukitaja mtu unaitwa ofisini kuulizwa ulikuwa na maana gani. Kuna kiongozi alikuwa anapita, basi magari yote yakakodiwa kubeba watu wa kumpigia makofi. Sisi wenye safari zetu tukaambiwa tuvumilie. Kuvumilia ndiyo kazi waliyotupa tangu tumezaliwa, na mshahara wake hatujauona.

Mimi naitwa Benno, mkulima wa kahawa, Namswea. Shule niliishia la nne. Mke wangu Vitalia alifariki mwaka juzi, tukisubiri gari la wagonjwa ambalo wenye funguo walisema halina mafuta. Tangu hapo sikuwa na neno zuri kwa mtu yeyote mwenye mhuri, na kucheka nilikuwa nimeacha.

Sasa binti yetu Aurelia, aliyeolewa Ngumbo kule ziwani, akajifungua mtoto wa kike. Nikaomba jina. Mama mkwe wake, Hildegardi, naye akaomba. Yeye alitaka Walburga, jina la marehemu mama yake. Tukabishana kwa simu mpaka salio likaisha. Mwisho tukakubaliana kwa desturi ya nyumba zetu: anayetoa jina ndiye ambebaye mtoto hadi kwenye maji. Nikifika, mtoto ni Vitalia. Nisipofika, Hildegardi atambeba, na mtoto ni Walburga mpaka kaburini. Misa saa sita mchana, na padre kigango kile hukifikia kwa nadra.

Aliyeniokoa ni Eunice, bibi shamba wetu, mtu wa Singida. Alikuwa amelala kwetu Namswea baada ya kutufundisha kupogolea mibuni, na gari lake ni la umeme, jeupe, la mtumba. Aliposikia habari ya basi akasema, "Baba, nitakupeleka mimi. Tutachaji Mbinga mjini, halafu tunateremka."

Ilikuwa Julai. Anayeijua Mbinga ya Julai haelezwi. Usiku niliona gari limekaa nje kwenye ukungu, nikalionea huruma, nikatoa blanketi langu zito nikalifunika puani kama tunavyofunika miche ya kahawa. Asubuhi Eunice alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Benno! Blanketi linatunza joto, halizai joto. Hili halina injini ya kuchemka, limelala baridi lote."

"Mimi nimelala baridi kwa ajili yake, angalau lishukuru."

Tukaondoka. Barabara ya kwetu mnaijua, au hamuijui kwa sababu hakuna anayeijali: mashimo, matope yaliyokauka, mawe. Tulitambaa kama tunasindikiza jeneza. Tulipofika Mbinga jua lilikuwa halijaupasua ukungu.

Mtambo wa kuchajia uko kwenye uwanja wa ghala la kahawa. Siku ya kuufungua walikata utepe, wakala pilau, wakaondoka. Paa la kuukinga na mvua hawakukumbuka. Mlinzi wake ni Mansuetus, kijana mwenye koti la jeshi na mdomo mrefu. Eunice akachomeka waya. Kioo cha gari kikawaka, akakitazama, akakigonga kwa kidole.

"Nini?" nikauliza.

"Umeme unaingia kwa matone, baba. Kwa mwendo huu tutaondoka hapa saa saba."

"Saa saba maji ya ubatizo yatakuwa yameshamwagwa! Si mliniambia huu ni mtambo wa kasi?"

"Mtambo una kasi. Betri ndiyo haitaki. Ikiwa baridi haipokei umeme mwingi, ikilazimishwa inaharibika, kwa hiyo gari lenyewe linabana."

"Linabana kama serikali," akasema Mansuetus.

"Wewe nyamaza," nikamwambia, ingawa alikuwa amesema kweli.

Eunice akaeleza kwamba gari lina uwezo wa kuipasha betri moto lenyewe njiani, ukilionyesha kwenye ramani kwamba linakwenda kuchaji. "Lakini ramani yake haiujui mtambo huu. Inadhani hapa ni msitu."

"Hata ramani za wakubwa zinadhani hivyo," nikasema.

"Kwa hiyo tuipashe kwa mwendo. Tutoke barabara ya lami ya Songea, tupande mlima kwa nguvu, tufunge breki, tupande tena. Betri ikifanya kazi ngumu inapata joto. Halafu turudi."

Nikamwangalia. "Umeme uliobaki ni kiasi gani?"

"Asilimia kumi na moja."

"Na wewe unataka kwenda kuutumia? Bibi shamba, mtu mwenye njaa anachukua unga wa mwisho anaumwaga ili ashibe? Mimi siondoki hapa. Waya ubaki ulipo."

Nikakaa kwenye jiwe, nimekunja mikono. Mtu ukidanganywa miaka mingi unajifunza kushikilia kidogo ulichonacho. Eunice akatazama saa yake, akatazama mlima, akavuta kola ya sweta.

Upande wa pili wa uwanja walikuwa wapiga ngoma za mganda, wamevaa meupe yao, wanasubiri lori la kuwapeleka kumlaki yule kiongozi. Mkubwa wao, Cuthbert, tuliimba naye kwaya ya parokia zamani. Alipiga ngoma kubwa mara moja. Ikatoa sauti ya gunia: bup. Wakacheka.

"Imelala! Ngozi imelegea kwa baridi," akasema mmoja. "Leteni majani makavu."

Wakawasha moto wa majani na maganda ya kahawa, wakaiinamisha ngoma juu yake, wanaigeuza taratibu. Cuthbert akaniona.

"Benno! Mbona umekaa kama umefiwa na mbuzi? Njoo uote moto."

Nikaenda, nikamweleza shida yangu: gari, betri, binti wa Singida anayetaka kuchoma umeme ili apate umeme.

"Sasa shida iko wapi?" akasema.

"Shida ni kwamba si akili!"

Cuthbert akaitoa ngoma motoni, akaipiga. Di! Ukungu ulitikisika. Mbwa wa ghala akakimbia.

"Haya majani tumeyachoma bure?" akaniuliza. "Ungekuwa wewe ungetuambia tuyahifadhi, tupige ngoma baridi mpaka jioni, na watu walale usingizi."

Maisha yangu yote nimeona ngoma zikipashwa, na hakuna siku niliyowahi kulalamika kwamba kuni zinaliwa. Nikarudi kwenye gari.

"Bibi shamba. Chomoa huo waya."

"Una uhakika, baba?"

"Chomoa kabla sijabadili mawazo. Kanyaga mafuta."

"Hakuna mafuta, baba."

"Basi kanyaga hicho kilichopo!"

Jamani. Sijawahi kukimbizwa namna ile. Gari halikunguruma, liliruka tu, kimya, mgongo wangu ukabandikwa kitini. Tulipanda mlima wa lami, miti ikapita kama imetupwa. Juu akafunga breki, nikabaki nimening'inia kwenye mkanda. Akageuza, tukateremka, akafunga tena, tukapanda tena. Akina mama waliokuwa wanakwenda sokoni na ndizi vichwani wakasimama kututazama. Bodaboda mmoja akapiga kelele, "Mzee, mnafukuzwa na nani?"

"Na Hildegardi!" nikamjibu kupitia dirishani.

Nikacheka. Ilinitoka tu, kama chafya, na ikaendelea. Eunice naye akaanza, tukawa tunapanda mlima wa barabara ya Songea tunacheka watu wawili, machozi yananitoka, na asilimia zinashuka mbele ya macho yangu, tisa, nane, na mimi nasema, "Tena! Iongezee!"

Tuliporudi uwanjani, zilikuwa zimebaki sita. Mansuetus akatikisa kichwa kwa huruma. Eunice akachomeka waya. Halafu mtambo ukaanza kuvuma kama nyuki waliohamia mti mpya, na namba kwenye kioo zikaanza kupanda, moja baada ya nyingine, bila kupumzika.

"Inakunywa!" Mansuetus akapiga makofi. "Inakunywa kama ng'ombe!"

Wapiga mganda nao wakatupigia ngoma, ya kwetu sisi kabla ya ile ya mkubwa. Chai waliyonipa ilikuwa haijapoa vizuri kikombeni, Eunice akasema inatosha.

Tukateremka. Mlima baada ya mlima, baridi inabaki nyuma, nikavua koti, nikavua sweta, mpaka ziwa likajitokeza chini kama bati jipya. Mbamba Bay tukaipita bila kusimama, tukashika barabara ya vumbi ya kwenda Ngumbo, harufu ya usipa, dagaa wetu wa ziwani, wakianikwa ikiingia dirishani. Kengele ya kigango ilikuwa inalia tulipofika.

Hildegardi alikuwa mlangoni na mtoto mikononi, amefunga kilemba cheupe kirefu. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ndani.

"Mkwe!" nikaita.

Akageuka. "Mkwe, wewe si uliambiwa mabasi yamechukuliwa?"

"Hawakuchukua yote. Nipe mtoto."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, vumbi tupu. Angeweza kuvuta mguu wa pili akaingia, nani angemlaumu? Akaninyooshea mtoto. "Shika kichwa chake vizuri," akasema. "Wanaume hamjui."

Padre akauliza, mtoto huyu anaitwa nani. Aurelia alikuwa pembeni yangu, akanishika kiwiko. Nikasema, "Vitalia," na nikasema kwa sauti, kigango chote kikasikia. Maji yakamwagwa, mtoto akapiga kelele, vigelegele vikaizima kelele.

Nje, kabla hata sijashukuru watu, Hildegardi alishamnyang'anya. Akamtikisa, akamfuta uso kwa ncha ya kilemba.

"Vitalia," akamwita. "We Vitalia! Unalia nini, na babu yako amekuja mbio hivi?"

Miaka miwili jina hilo nilikuwa nalisikia kwenye misa za marehemu tu. Sasa lilikuwa linaitwa na mtu anayengoja kuitikiwa. Na mtoto akaitika, kwa mayowe, mpaka wavuvi walioko ufukweni wakageuka kutazama.