Neno Nililompa Verlin

Verlin Stroud hakuwa mwongo. Laiti angekuwa mwongo, leo ningemtukana nikapumua.

Tumekaa bunge moja la jimbo miaka mingi, yeye chama kile, mimi hiki, tunabishana ukumbini kisha tunakula pamoja. Kwetu ubunge si ajira. Kikao kikiisha kila mtu anarudi kwa ng'ombe wake. Kinachotuweka pamoja ni neno la mtu. Ukivunja neno, hakuna atakayekusikiliza tena.

Siku ile tulikuwa na mswada mmoja tu wa maana. Serikali kuu kule Washington ilipoigeuza bima ya afya ya nchi nzima, mahakama ilisema kila jimbo liamue lenyewe kama litawaingiza watu wake wa kipato kidogo. Sisi tuliwaingiza, lakini ili wabishi wakubali, sheria yenyewe tukaiwekea siku ya kufa. Siku hiyo ilikuwa imefika mlangoni. Tusipoihuisha, bima inakatika.

Binti yangu Lorna yumo humo. Anahudumu mgahawani, na anaishi kwa figo langu, nililompa mimi mwenyewe. Kuna vidonge anavyomeza kila siku ili mwili wake usilikatae. Bila bima, hata tukiuza ng'ombe wote hatufiki mbali. Alikuwa amekuja kutazama, ameketi roshani ya wageni na koti lake jekundu.

Kabla ya kengele ya kura, Verlin akanishika mkono kwenye korido. Jasho lilikuwa linamtiririka na nje kuna theluji.

"Kifua, dada Doreen. Wananipeleka hospitali. Nifungie jozi."

Kufunga jozi ni mila yetu. Mbunge akiugua, mmoja wa upande wa pili naye hapigi kura, ili ugonjwa usimnyang'anye mtu sauti yake. Unatoa neno tu, basi.

"Leo, mzee? Leo hii? Tafuta mwingine!"

"Nimtafute nani? Wenzako wataniruka hapa sakafuni wakafuate kahawa." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Nyinyi wa ndiyo mnatuzidi kura mbili, mkaidi wewe. Tukitoka sote wawili, bado mnatuzidi mbili. Unapoteza nini?"

Hesabu ilikuwa sawa. Nikamwambia, "Haya, nimekufungia. Nenda, na usithubutu kufa." Wakambeba.

Lakini moyo wangu haukutulia. Mbele yangu huketi Garth Pilcher, wa chama chetu, mtu wa porojo asubuhi hadi jioni. Siku ile kimya. Nikamtania, "Garth, umemeza ulimi?" Hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imeiva nyekundu. Nikajua kuna jambo.

Kengele ikalia. Taa zikaanza kuwaka ubaoni, kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Ya Garth ikawaka nyekundu. Kura zikawa sare, na sare kwetu ni kuanguka.

"Garth! Umefanya nini, wewe?"

"Wabishi wameniandalia mtu wa kuning'oa uchaguzi ujao," akanong'ona. "Nisamehe."

"Akusamehe shetani!"

Spika akauliza kama kuna mbunge ambaye hajapiga kura. Ukumbi mzima ukanigeukia. Kitufe cha kura kilikuwa chini ya kidole changu. Nikatazama juu. Lorna alikuwa amesimama, ananiitikia kwa kichwa: bonyeza, mama, bonyeza. Jamani, yeye hakujua habari za jozi.

"Nimefunga jozi na Mheshimiwa Stroud," nikasema. Nyundo ya Spika ikagonga, mswada ukaanguka.

Wabunge wakaja kunipa mkono, hata wa upande wa pili. "Doreen ni mtu wa neno!" Nilitamani kuwatemea mate. Mmoja akaleta habari kwamba Verlin amezibuliwa mshipa wa moyo, anaendelea vizuri, na bima ya wazee, ile ya serikali kuu, inamlipia kila kitu. Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi, na papo hapo nikamchukia.

Lorna alinisubiri kwenye ngazi. Hakulia. Aliuchukua mkono wangu, akaupitisha ndani ya koti, akauweka chini ya tumbo, pale penye kovu.

"Verlin ulimpa neno," akasema. "Mimi ulinipa figo. Ilibidi mmoja wetu umnyang'anye, mama, na umeshachagua."