Msamaha Mlangoni mwa Korti

Vidole vya Odessa vilikuwa vimechunika kwa magadi, naye bado alisimama kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya Bwana Hargrove, kikapu cha mashati yaliyopigwa pasi kichwani. Mlango wa mbele haukuwa wa weusi.

“Gavana hasikilizi machozi ya dobi,” Hargrove alisema, akitafuna tumbaku. “Kwenye ombi la msamaha anataka sahihi ya mzungu aliyeibiwa. Yaani mimi.”

“Ndiyo, bwana.”

“Basi niambie. Lile tandiko langu lenye nyota ya shaba, mwanao aliliiba, hakuliiba?”

Mji mzima ulijua. Tandiko lilikuwa limewekwa rehani ya karata na mdogo wake Hargrove mwenyewe, na lilisharudi mgongoni mwa farasi wa Hargrove. Lakini mwanawe Lucius alikuwa kwenye kambi ya wafungwa, mnyororo mguuni, akigema utomvu wa misonobari, na mwenzake aliyetoka huko alisema Lucius anakohoa damu.

“Mtoto ni mtoto, bwana.”

“Sikukuuliza hilo.”

Odessa akatua kikapu. “Aliiba.”

“Kwa sauti. Bibi yuko jikoni, naye asikie.”

“Lucius aliiba, bwana.”

Msamaha ulikuja kabla ya Krismasi. Kama ilivyo desturi, ulipigiliwa misumari kwenye mlango wa korti pamoja na sababu yake, watu wajue gavana kamhurumia nani. Lucius, aliyeshuka garimoshi na suruali imemlegea kiunoni, alisimama pale akasoma: amesamehewa kwa kuwa mama yake mzazi amekiri kwamba mwanawe aliiba. Majirani walitazama viatu vyao.

Nyumbani hakuugusa mkate wa mahindi. Tangu utoto alizoea kumtegea mama vitendawili akipiga pasi.

“Mama, kitendawili.”

Odessa hakusema “tega.” Aligeuza pasi juu ya jiko.

“Hakuiba, akasamehewa. Ni nani huyo?”

Kwato zikalia uani. Hargrove hakushuka farasini, alikuwa na furushi la nguo chafu mbele yake.

“Eh, Lucius. Huko kambini hawakukufundisha kushukuru?”

Lucius alimtazama mama yake, si Hargrove.

Odessa ndiye aliyetoka, akainamisha kichwa. “Anashukuru, bwana. Ni kifua tu kinambana.”

Akapokea furushi. Kisha, kwa mazoea ya mkono uliokwisha kuzeeka kwenye uchafu wa wengine, akashika ncha ya aproni yake, akaifuta tope ile nyota ya shaba tandikoni.