Tema, Mama Abby

Tryphena alichoshwa na pikipiki siku nyingi. Tuseme ukweli tu: hakuolewa na Reuben peke yake. Aliolewa na Reuben, na pikipiki, na makopo ya oili chini ya kitanda, na magurudumu mawili yaliyokaa sebuleni kama wageni wasiojua kuaga. Mwanamume alitoka kubeba abiria na magunia ya mkaa hapo stendi ya Voi, akawa mtu wa kulipwa mshahara kwa kukimbiza pikipiki, picha yake ikabandikwa mpaka kwa kinyozi wa Mwatate. Haya, hongera. Akashinda Nakuru, akashinda Uganda, akavunjika mtulinga, akavunjika mkono, na mbavu ndizo hata yeye mwenyewe hawezi kuzihesabu. Yote hayo Tryphena aliyameza. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Lakini hili la mwaka huu, hapana. Hili lilimfika kooni.

Lilianzia mezani. Reuben alikuwa anakula ugali na mchicha, anasimulia habari za kona fulani, mara tonge likamdondoka mkononi. Macho wazi, mtu hayupo. Binti yao Abby akacheka, akidhani baba anafanya mzaha. Reuben aliporudi akauliza nani amemmwagia mboga kwenye suruali.

Mara ya pili alikuwa juu ya pikipiki, kwenye barabara kuu ya Mombasa, karibu na Miasenyi. Kichwa kikazimika, akajikuta mtaroni, na lori lilikuwa limempita karibu kabisa. Wenye vibanda walipomtoa aliwaambia ni mbuzi aliyekatiza. Mbuzi! Mnyama wa watu akasingiziwa mchana kweupe.

Daktari wa Mombasa alimpiga picha ya kichwa, akawaita wote wawili, akasema bila kuzungusha. Kuanguka kwake mashindanoni mwaka jana kuliacha kovu kwenye ubongo, na hiki sasa ni kifafa. Dawa zipo, na mtu akizimeza vizuri anaendelea na maisha yake. Ila pikipiki, basi. Kichwa kitakuja kumzimikia akiwa kwenye kasi, afe yeye au aue mwingine.

Unadhani Reuben alisema nini? Walipofika nje, penye magari, alimshika Tryphena mikono yote miwili akalia. Mtu mzima, ndevu zake, analia mbele ya walinzi. "Moja tu, Mama Abby. Mbio hizi za Voi tu, mwezi ujao. Wale wa timu ya Afrika Kusini wanakuja kuniangalia. Nikimaliza katika watatu wa kwanza, nasaini mkataba wa miaka miwili. Nikishasaini nitawaambia. Niapie hutasema."

Ebo! Atawaambia nini, akiwa jenezani? Lakini machozi ya mume ni kitu kibaya sana. Tryphena akaapa. Na kiapo, kwa mtu aliyelelewa kanisani kule Ronge, si cha kuchezea.

Basi ikawa mwezi wa kumpigia mbuzi gitaa. Kila asubuhi alimwekea dawa kando ya chai. Reuben alikunywa chai akaziacha dawa, ati zinamfanya mzito. Alimbembeleza, akamnunia, akamkaripia, akarudi kumbembeleza. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwishowe akabaki kupigapiga masufuria na kujibu "sawa" kwa kila kitu, ile sawa ambayo kila mwanamume aliyeoa anajua maana yake.

Na hiyo sawa ndiyo aliyoisikia mama mkwe.

Mama Reuben alishuka kutoka Wusi Ijumaa, siku ya mazoezi, kuja kumwona mwanawe akishindana kwao nyumbani. Siku hiyohiyo Reuben akaanguka kwenye kona nyepesi, kona ambayo hata mwenye boda boda aliyebeba kreti za soda angeipita. Hakuumia. Akasema ni mchanga. Mama Reuben hakumwangalia mwanawe. Alimwangalia Tryphena, tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

Jumamosi asubuhi, siku ya mashindano yenyewe, walikuwa nje ya Voi kwenye shamba la mkonge. Mahema yamesimamishwa, vumbi jekundu limeshapanda, watu wamejaa mpaka juu ya malori. Reuben alikuwa ameketi chini ya hema la timu amevaa mabuti, helmeti magotini. Mama mkwe akaingia na kiondo chake, akatoa chupa ya maji na kikombe cha bati, akakijaza, akamnyooshea Tryphena.

"Tema, Mama Abby."

"Nini tena, Mama?"

"Tema. Mwanangu haangukagi pale. Kuna mtu wa karibu ana hasira naye, na mtu mwenyewe sihitaji kumtafuta Taveta."

Wadawida, yaani Wataita, wa zamani waliamini, na wengi wa leo huamini wakitoka kanisani, kwamba hasira ya mtu wa nyumbani haikai bure. Ukimkasirikia wako ukanyamaza, ile hasira yatoka yenyewe kwenda kumdhuru: ng'ombe anakufa, mtoto anaugua, mtu anaanguka. Dawa yake ni kutasa. Unachukua maji au maji ya muwa mdomoni, unayatema kwa kuyarusha, unasema moyo upoe na fulani awe salama. Mama Reuben alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Tryphena alihisi damu ikimpanda. Yaani yeye! Yeye asiyelala, anayekaa kitandani akisikiliza pumzi za mtu mpaka jogoo awike, ndiye anayemwangusha! Alitaka kucheka, akataka kukimwaga kile kikombe, akataka kurudi kwao Ronge akalime njegere na asisikie tena neno pikipiki.

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wakitaka kujifunza wajifunze."

Na kweli walikuwa wanaangalia. Wale wageni wawili wa Afrika Kusini walikuwa wameshasogea wakitabasamu, mmoja ametoa simu arekodi mila za watu. Amin naye akaja. Amin ndiye mwenye timu, mtoto wa mwenye duka la vipuri pale Voi, na ndiye aliyemtoa Reuben kwenye boda boda.

"Shemeji," Amin alisema kwa upole, "sisi kwetu hatuna jambo hili, lakini kumridhisha mzazi kuna baraka zake. Maji tu hayo."

Reuben je? Reuben alicheka. Alicheka! Akasema, "Si uteme tu, Mama Abby, yaishe, niende zangu."

Tryphena akakichukua kikombe kwa hasira, akavuta funda, akalitema fyuu juu ya vumbi. "Haya. Nimetema. Mmefurahi?"

Mama Reuben akakijaza tena.

"Hayo ni ya kusukutua. Kwetu hatutemi hasira isiyo na jina. Itaje kwanza, mbele yake, ndipo uteme. Ukitema huku umeficha, inamfuata yeye huko anakokwenda. Na mimi ndiye niliyemzaa, Mama Abby. Usinifichie."

Yule mama alikuwa amesimama kati ya mwanawe na mlango wa hema, kama anayemzuia asitoke. Tryphena aliliona hilo, na kidogo ghadhabu ikampungua, maana alijua hofu ile. Yeye mwenyewe alikuwa nayo mwezi mzima. Walikuwa wanamwogopea mtu mmoja, isipokuwa mmoja wao hakuambiwa cha kuogopa. Akamgeukia Reuben. Kicheko kilikuwa kimekatika. Reuben alitikisa kichwa, kidogo tu, kumkumbusha alichoapa.

Huko nje spika ikawaita waendeshaji wasogee kwenye mstari.

Basi, Mungu atamsamehe, na asipomsamehe watajuana.

"Nina hasira," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nina hasira na Reuben kwa sababu ni mgonjwa na anatuficha. Ana kifafa. Ile ajali ya Miasenyi haikuwa mbuzi, Mama, hakuna mbuzi! Alizimika. Na jana hakuteleza mchangani, alizimika. Daktari alimkataza kupanda pikipiki, nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu, na dawa zimejaa kwenye droo hajameza hata moja. Akaniapisha ninyamaze. Ananiacha nimpikie, nimfulie, nimfungie mabuti, nimtazame akienda kufa, halafu mnaniambia ni mimi ninayemwangusha! Nina hasira naye mpaka kichwa kinauma. Nampenda, ndiyo maana nina hasira. Hiyo ndiyo. Nimeitaja."

Akavuta funda la pili, akalitema kwa nguvu zake zote. "Moyo wangu upoe. Reuben awe salama." Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Yule mgeni aliteremsha simu. Lugha hakuijua, lakini nyuso alizijua kusoma. Amin akasogea mpaka mbele ya Reuben.

"Reuben," alisema. "Haya ni kweli?"

"Ni maneno ya hasira tu, boss. Unawajua wanawake."

"Sikukuuliza kuhusu wanawake. Wallahi nakuuliza wewe. Jana ulizimika?"

Reuben angeweza kukana. Kukana alikuwa amekuzoea. Lakini mama yake alikuwa amesimama mbele yake na chupa mkononi, uso umemlegea, akisema taratibu, "Mwanangu, si uliniambia ni mbuzi?" Reuben akainamisha kichwa.

Amin akanyoosha mkono akaichukua ile helmeti magotini mwake. Hakuinyakua, aliichukua polepole, na macho yake yalikuwa mekundu. "Subhanallah, Reuben. Ningekupandisha mimi mwenyewe," alisema. "Ungekufa ningekuwa nimekuua mimi." Akawaendea wale wageni akazungumza nao Kiingereza kwa sauti ya chini, na muda si mrefu wakaondoka pamoja kuelekea mstari, kuwatazama waliobaki. Pikipiki zikanguruma. Mashindano yakaanza bila Reuben, na watu wa juu ya malori wakashangilia vilevile.

Reuben alipoinua kichwa, Tryphena hakuwa amewahi kuona uso kama ule. Ngumi zilikuwa zimekaza, mishipa ya shingo imesimama.

"Umenimaliza," alisema. "Miaka yangu yote. Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja tu, Tryphena."

Hakuwa amemwita Tryphena tangu Abby azaliwe.

Mama Reuben alishtuka kuliko alivyoshtushwa na ule ugonjwa. Sasa hasira ilikuwa imehama, imeingia kwa mwanawe, na ilikuwa inamwelekea mkewe. Alihangaika na chupa, akamwaga nusu chini, akakijaza kikombe, akamwekea Reuben mkononi na kumfumbatisha vidole.

"Umeshaitaja, baba," alimsihi. "Imesikika. Sasa tema. Usiondoke nayo hapa. Tema, isimpate mama wa mtoto wako."

Reuben alikiinua. Akajaza mdomo, mashavu yakatuna. Alisimama hivyo akimkazia macho Tryphena, na Tryphena naye akamkazia, hakurudi nyuma. Walingoja. Kisha koo likapanda likashuka.

Akameza. Akakinywa kikombe chote hadi tone la mwisho, akakirudisha kwenye kiondo, akatoka kwenda kukaa ndani ya gari.

"Amemeza!" Mama Reuben alishika kichwa. "Uwi, Mama Abby, amemeza! Atakaa nayo. Mtoto huyu ni kama babake, atakaa nayo mpaka uzeeni!"

Tryphena alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. Kupitia kioo cha gari alikiona kisogo cha mumewe, kimekaza, kizima.

"Na akae nayo, Mama," alisema. "Mpaka uzeeni. Hapo ndipo ninapomtaka afike."